Kupanga kompyuta ipi ifanye nini katika ParaView: kutoka laptop moja hadi nodi za klasta

Ukiifungua ParaView, programu ya kugeuza data za kisayansi kuwa picha, kwenye laptop inaonekana ni programu moja. Ndani yake kuna kazi tatu: kusoma na kuchakata data, kuchora picha, na kukuonyesha dirisha lenye vitufe. Kazi hizo zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja, mbili au mamia. Usipozigawa, zote zinakuangukia wewe, na faili la gigabaiti 60 litaimaliza RAM yako kabla hujaona chochote kwenye skrini.

Mwongozo huu ni kwa mwenye data kwenye seva ya maabara au kwenye klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, kila moja ikiitwa nodi), anayejua kutumia terminali na SSH walau kidogo. Msimamo wangu ni mmoja: anza na mahali data ilipo. Kompyuta iliyo karibu na diski hiyo ndiyo isome na kuchakata, na kinachovuka mtandao kiwe picha, au umbo (nyuso na mistari ya kuchorwa) lililokwisha kupunguzwa. Wengi huanza na swali la nani ana kadi kali ya michoro, kisha wanashinda wakinakili faili kutwa nzima.

## Vipande na majina yake

`paraview` ni dirisha lenyewe, upande wa mteja. Hii inabaki kwenye meza yako daima.

`pvserver` inasoma data, inachakata na kuchora. Ndiyo utakayoitumia karibu kila mara.

`pvdataserver` na `pvrenderserver` ni `pvserver` iliyokatwa vipande viwili, kimoja cha data na kingine cha kuchora, ili kila kimoja kikae kwenye mashine zake. Mpangilio huu unavutia kwenye karatasi: mashine zenye RAM kubwa zisome, zenye GPU zichore. Tatizo ni kwamba umbo lote linalotakiwa kuchorwa linapaswa kusafiri kutoka kundi moja hadi jingine kila linapobadilika, na mara nyingi safari hiyo inakula muda wote uliodhani umeuokoa. Ningeuacha, isipokuwa GPU ziko kwenye mashine zisizoweza kabisa kuifikia diski ya data.

Kuna pia `pvbatch`, ya kuendesha skripti bila dirisha. Hiyo haihitaji kuunganishwa na chochote, kwa hiyo hapa tunaiacha.

Wanaotumia VisIt, programu nyingine ya kazi hiyohiyo iliyotoka maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, watakutana na mgawanyo unaofanana kwenye mipangilio yake ya kompyuta za mbali. Vitufe ni vingine, mantiki ni ileile.

## Matoleo kwanza

Fanya hivi kabla ya jambo lolote. Kwenye laptop:

```
paraview --version
```

Kwenye seva:

```
pvserver --version
```

Namba mbili za mwanzo lazima zilingane. 5.11 na 5.11 wataelewana, 5.11 na 5.12 hawataelewana hata mtandao uwe mzuri namna gani. Ujumbe utakaouona utataja neno "handshake" na hautakueleza mengi zaidi. Klasta nyingi hazisasishi programu haraka, kwa hiyo wewe ndiye unayemfuata mwenyeji: pakua kwenye laptop toleo lililopo kule. Unaweza kuweka matoleo matatu kwenye folda tatu, hayagombani. Laptop kuwa na Windows na seva kuwa na Linux si tatizo.

## Hatua ya 1: Igawe ndani ya mashine moja

Usikimbilie klasta. Jaribu kwanza pale ambapo hakuna faiwoli, foleni ya kazi wala nywila. Fungua terminali kwenye laptop:

```
pvserver --server-port=11111
```

Itajibu hivi:

```
Waiting for client...
Connection URL: cs://laptop:11111
Accepting connection(s): laptop:11111
```

Sasa fungua `paraview`, nenda File, kisha Connect, halafu Add Server. Andika jina lolote, aina iwe Client / Server, mwenyeji awe `localhost`, poti 11111. Bonyeza Configure, chagua Manual, hifadhi, unganisha. Terminali itaandika `Client connected.`, na juu kabisa ya Pipeline Browser (paneli inayoorodhesha data yako na vichujio vyake) maandishi `builtin:` yatageuka kuwa `cs://localhost:11111`. Zoea kuutazama mstari huo. Ukikuta umeandikwa `builtin:` huku unadhani uko kwenye klasta, basi laptop ndiyo inayotoka jasho.

## Hatua ya 2: Michakato mingi

`pvserver` ikiendeshwa peke yake ni mchakato mmoja, na mashine yenye kori 32 haitakusaidia kitu. Michakato mingi inaanzishwa kwa MPI, mfumo unaowezesha michakato kuwasiliana na kugawana kazi:

```
mpiexec -n 8 pvserver --server-port=11111
```

Hapa pana mtego unaostahili kusimama kidogo. `pvserver` imejengwa na MPI fulani, na `mpiexec` unayoiita lazima iwe ya MPI hiyohiyo. ParaView ya Linux inayopakuliwa kutoka kwa Kitware, kampuni inayoitengeneza, inakuja na `mpiexec` yake ndani ya folda. Ile iliyosakinishwa na wasimamizi wa klasta kwa kawaida imejengwa na MPI ya klasta. Ukizichanganya hupati kosa la wazi. Unapata `pvserver` nane, kila moja ikijiona iko peke yake.

Dalili yake ni hii: mstari `Waiting for client...` unatokea mara nane badala ya mara moja, na baadhi ya michakato inalalamika kwamba poti imeshachukuliwa. Ukiunganisha, inakubali. Picha inatokea. Lakini mchakato mmoja tu ndio unaofanya kazi, na wewe unashangaa kwa nini kori nane hazijaongeza kasi. Dawa ni kutumia njia kamili ya `mpiexec` sahihi, au kwenye klasta kupakia moduli ya ParaView na kuiacha ikuchagulie.

Usiamini, hakikisha. Ukishaunganisha, fungua View, kisha Memory Inspector. Paneli hiyo inaorodhesha kila mchakato, uko kwenye kompyuta ipi, na unatumia RAM kiasi gani. Uliomba minane, iwepo minane. Kwa jaribio la macho, unda Sphere, ongeza idadi ya vipande vyake, weka kichujio (hatua ya kuchakata data) cha Process Ids (matoleo ya zamani yanakiita Process Id Scalars), kisha upake rangi kwa namba ya mchakato. Mpira ukiwa na rangi moja, kuna mchakato mmoja. Ukigawanyika kama chungwa lililomenywa, mambo ni sawa.

## Hatua ya 3: Kuchagua kompyuta zenyewe

Kama una mashine chache za maabara zisizo na mfumo wa foleni, unaziorodhesha kwenye faili. Kwa MPICH, aina moja ya MPI, na kwa ParaView ya Linux ya Kitware ambayo inatumia MPICH, faili `mashine.txt` linaandikwa hivi:

```
n01:8
n02:8
n03:4
```

Kisha:

```
mpiexec -f mashine.txt -n 20 /opt/paraview/bin/pvserver
```

Open MPI, aina nyingine, inataka `n01 slots=8`, na bendera yake ni `--hostfile`. Zingatia mambo matatu. Programu iwe kwenye njia ileile katika kila mashine. Data pia ionekane kwa njia ileile, maana yake diski ya pamoja kama NFS; faili lililo kwenye diski ya ndani ya `n01` halipo kabisa kwa `n02`. Na SSH kati ya mashine hizo ipite kwa ufunguo bila kuuliza nywila.

Mashine ya kwanza kwenye orodha ina uzito wake. Mchakato namba 0 unakaa hapo, na ndio pekee unaozungumza na laptop yako. Kwa hiyo mashine yenye mtandao mzuri zaidi kuelekea kwako iwekwe juu, hata kama si yenye nguvu kuliko zote.

Kwenye klasta yenye Slurm, mfumo wa foleni ya kazi, orodha huandiki wewe. Unaomba, unapewa:

```
#!/bin/bash
#SBATCH --nodes=2
#SBATCH --ntasks-per-node=16
#SBATCH --time=02:00:00
#SBATCH --output=pv-%j.out

module load paraview
mpiexec -n 32 pvserver --server-port=11111
```

Jina la moduli linatofautiana kati ya klasta na klasta. Amri ya `module avail` itakuonyesha. Na tafadhali usiendeshe `pvserver` kwenye nodi ya kuingilia. Pale ni mlangoni, watu wengine wanapita.

Je, uombe michakato mingapi? Mafunzo ya ParaView yenyewe yana kipimo cha kuanzia: angalau kori moja kwa kila seli (kisanduku kimoja cha gridi ya data) milioni 20 za gridi yenye mpangilio, na kori moja kwa kila seli milioni 1 za gridi isiyo na mpangilio. Tofauti hiyo kubwa ina sababu. Gridi yenye mpangilio haihitaji kuhifadhi kila nukta imeungana na ipi. Isiyo na mpangilio inalazimika. Ndiyo maana kichujio kama Clip au Threshold kinaweza kukuangusha ghafla: kinapokea gridi yenye mpangilio na kutoa isiyo nao, na RAM inapanda bila wewe kufungua faili jipya. Slice na Contour zinatoa nyuso tu, ni nafuu zaidi. Kama unajua utatumia Clip, omba nodi kwa hesabu ya gridi isiyo na mpangilio tangu mwanzo.

## Hatua ya 4: Kuifikia nodi

Kazi imeanza, `squeue -u $USER` inasema uko `n07`. Laptop yako haiioni `n07`. Inaiona nodi ya kuingilia tu, tuiite `lango`. Unachimba handaki la SSH:

```
ssh -L 11111:n07:11111 jina@lango
```

Acha terminali hiyo wazi, kisha kwenye ParaView unganisha na `localhost` poti 11111, yaani seva ileile uliyoisajili kwenye hatua ya kwanza. Kama klasta inaruhusu SSH hadi kwenye nodi yako, njia hii ni bora kwa sababu ulinzi unafika hadi mwisho:

```
ssh -J jina@lango -L 11111:localhost:11111 jina@n07
```

Ipo pia njia ya kinyume, ambapo `pvserver` ndiyo inayokupigia wewe, kwa `--reverse-connection` na `--client-host`. Inafaa laptop na klasta zikiwa kwenye mtandao mmoja wa chuo. Ukiwa nyumbani nyuma ya ruta, au unatumia bando la simu, nodi haiwezi kukufikia. Kujaribu kuizungusha kwa `ssh -R` kupitia `lango` hukwama mara nyingi, kwa kuwa SSH kwa kawaida inafungua poti hiyo kwa `lango` yenyewe tu, si kwa nodi zilizo nyuma yake, mpaka msimamizi abadilishe mipangilio. Baki na `-L`.

Neno kuhusu usalama. `pvserver` haina nywila. Yeyote anayeweza kuifikia poti hiyo anaunganishwa, na anaona faili zote ambazo akaunti yako inaziona. Kwa hiyo usiifungue poti 11111 kwenye intaneti hata kwa jaribio la dakika tano. Kwenye klasta yenye watu wengi, badilisha namba ya poti na utumie `--connect-id` yenye namba ileile pande zote mbili, ili usijikute umeingia kwenye `pvserver` ya mwenzako. Hiyo inazuia kuchanganyana tu. Mtu mwenye nia mbaya haimzuii.

## Hatua ya 5: Kuyaandika kwenye faili

Kurudia haya kila asubuhi kunachosha. ParaView inahifadhi orodha ya seva kwenye faili la `servers.pvsc`: kwenye Linux liko `~/.config/ParaView/`, kwenye Windows liko `%APPDATA%\ParaView\`. Ni XML ya kawaida na unaweza kuiandika mwenyewe, kisha uipakie kwa kitufe cha Load Servers:

```
<Servers>
  <Server name="Klasta" resource="cs://localhost:11111">
    <CommandStartup>
      <Options>
        <Option name="NODI" label="Jina la nodi">
          <String default="n07"/>
        </Option>
      </Options>
      <Command exec="/home/jina/bin/handaki.sh" delay="8">
        <Arguments>
          <Argument value="$NODI$"/>
        </Arguments>
      </Command>
    </CommandStartup>
  </Server>
</Servers>
```

Na `handaki.sh`:

```
#!/bin/bash
ssh -f -N -o ExitOnForwardFailure=yes \
    -L 11111:$1:11111 jina@lango
```

Ukibonyeza Connect, ParaView inakuuliza jina la nodi, inaendesha skripti, inasubiri sekunde 8, kisha inaunganisha. SSH hapa lazima iwe na ufunguo, kwa sababu hakuna terminali ya kuandikia nywila.

Kama unataka data na uchoraji vitengane, mstari wa `resource` ndio unaobadilika:

```
cdsrs://n07:11111//gpu01:22221
```

Sehemu ya kwanza ni `pvdataserver`, ya pili ni `pvrenderserver`.

Faili hili ni zuri pia kwa timu. Mtu mmoja analiandika vizuri, wengine wanalipakia, na hakuna anayeuliza tena namba ya poti kwenye WhatsApp.

## Hatua ya 6: Nani anachora?

Kuunganishwa hakumaanishi kwamba seva inachora kila kitu. ParaView inapima ukubwa wa umbo: likiwa chini ya kiwango fulani, linatumwa kwako na laptop inalichora, likizidi, seva inachora na kukutumia picha. Kiwango hicho kiko Edit, Settings, Render View, na kinaitwa Remote Render Threshold. Cha kawaida ni MB 20.

Kwa mtandao wa ofisi kiache. Kwa mtu aliye Dar es Salaam na klasta iko Ulaya, fikiria upya, na ufikirie mambo mawili tofauti: upana wa mtandao na ucheleweshaji wake. Tuseme kwenda na kurudi kunachukua milisekunde 200. Kila picha ikisubiri safari hiyo, huwezi kuvuka picha 5 kwa sekunde hata ununue intaneti ya bei gani. Kuzungusha umbo kunakuwa kama kusukuma mkokoteni. Sasa tuseme umbo lako ni MB 30 na una Mbps 10: kulituma lote ni sekunde 24, mara moja, kisha unalizungusha kwenye laptop bila kusubiri mtu. Katika hali hiyo ningepandisha kiwango kifike MB 50 au zaidi. Ila kama umbo linabadilika kila hatua ya muda, utalipa hizo sekunde 24 kila hatua. Hapo kishushe kiwango kiwe 0, uache seva ichore, na uongeze Image Reduction Factor ili picha za wakati wa kuzungusha ziwe ndogo.

Upande wa seva, nodi nyingi hazina skrini. Ukiona `bad X server connection` kisha `pvserver` inakufa, umeendesha ParaView inayotafuta skrini. Unahitaji iliyojengwa na EGL kama nodi ina GPU ya NVIDIA, au na OSMesa kama ina CPU tu. Watu wengine wanaitibu kwa `ssh -X`. Kosa linaondoka kweli, lakini amri za kuchora sasa zinarudishwa kwenye laptop kupitia mtandao, yaani umeigeuza kazi yote juu chini.

## Faili nalo ligawike

Dirisha la kufungua faili sasa linaonyesha diski ya seva, si yako. Usipoona folda ya Downloads yako, hiyo ni habari njema.

Mashine 3 na michakato 20 havisaidii kama faili lenyewe linasomwa na mmoja. `.vtk` ya zamani au `.vtu` moja pekee humwelemea mchakato namba 0, na kwenye Memory Inspector utaona mmoja amevimba huku wengine wamekaa bure. Weka kichujio cha Redistribute DataSet (D3 kwenye matoleo ya zamani) halafu hifadhi matokeo kama `.pvtu`; kuanzia hapo kila mchakato utasoma kipande chake. Lakini mchakato wa kwanza lazima uweze kulibeba faili zima mara hiyo moja, basi upe nodi yenye RAM ya kutosha. Kwa data ya OpenFOAM, programu ya kukokotoa mtiririko wa maji na hewa, huhitaji hayo: fungua faili la `.foam` na kwenye Case Type uchague Decomposed Case, itasoma folda za `processor` moja kwa moja bila kuziunganisha kwanza.

## Kufunga

Ukibonyeza Disconnect, `pvserver` inazimika yenyewe na kazi ya Slurm inaisha. Mtandao ukikatika ghafla haifanyi hivyo kila mara, kwa hiyo angalia `squeue`, na ikiwa bado ipo tumia `scancel` pamoja na namba ya kazi. Nodi ulizoshikilia bure kuna mtu anazisubiri.

Handaki nalo halijifungi. Kesho utapewa `n12`, SSH mpya itashindwa kwa sababu poti 11111 ya laptop bado imeshikwa na handaki la jana, na ParaView itajaribu kuunganisha kupitia lile la zamani linaloelekea `n07` ambako hakuna mtu. Lifunge kabla ya kuondoka:

```
pkill -f '11111:n07:11111'
```